Kitundu Chini ya Taa

Mwezi wa tatu tulimzika mzee wangu wa kazi, kwao Pangani. Nikirudi Arusha kwa basi la usiku nilikaa dirishani, nikawa nahesabu taa nyekundu za minara tangu Korogwe hadi Usa River. Zilizozimika zilipofika kumi na moja niliacha kuhesabu. Kesho yake nilinunua daftari hili.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa Akeri, ubavuni mwa Mlima Meru, kati ya migomba na kahawa. Mwanga wa nyumbani ulikuwa koroboi. Nilisoma, nikafundishwa umeme, na mwaka 1984 nikaajiriwa kupanda minara. Wa kwanza ulikuwa na mita 60. Nilifika katikati nikaukumbatia, juu siendi, chini sishuki. Mzee alinifuata hadi pale. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Unashika kwa mikono mingapi, mwanangu?" Nikamjibu kwamba yote miwili. "Basi miguu nayo ifanye kazi." Tukapanda.

Yeye hakuanzia kwenye minara. Ujanani alikuwa Tanga, akihudumia mashua ndogo za matanga, na kazi yake ilikuwa kupandishwa kwa kamba hadi ncha ya mlingoti kubadilisha taa. Ndiyo maana hadi anastaafu aliuita mnara mlingoti. Kwake nilijifunza, mimi mtoto wa mlimani, kwamba chombo cha tanga usiku huonyesha nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe nyuma, na kwamba chombo kisichofika mita 20 kinaruhusiwa kuziunganisha zote tatu katika taa moja juu ya mlingoti. Taa hiyo moja ikizimika, meli kubwa haikuoni. Alikuwa akilisema hilo polepole, na nilijua kuna usiku fulani anaoukumbuka, lakini sikuwahi kumuuliza.

Bahari ndiyo iliyomfundisha jambo ambalo nimeligombania nusu ya maisha yangu: kila taa ya juu lazima iwe na kitundu upande wa chini. Cha milimita tano kinatosha. Watu hudhani adui ni mvua. Mvua unaizuia kwa mpira mzuri chini ya kioo. Adui ni hewa. Mchana jua hupasha kikombe cha taa, hewa ya ndani hutanuka na kutoka kidogo kidogo penye mpira. Usiku baridi ya Meru inashuka, hewa hujikunja, na kikombe huvuta ndani ukungu ule ule unaotulowesha hapa mwezi wa sita na wa saba. Ukungu huo hugeuka matone. Penye kitundu, matone hutoka. Pasipo kitundu hubaki, na kesho usiku huongezeka mengine, hadi shaba inaota kijani na fyuzi inakatika.

Karibu na mwaka 2012 mkandarasi mmoja alileta taa za LED, pamoja na mhandisi kijana aliyeagiza kila tundu lizibwe kwa silikoni, hata kile cha chini. Nilikataa. Nikaandikiwa barua ya onyo kwamba napinga maendeleo. Sikupinga LED, hudumu miaka mingi, na mpandaji anayepanda mara chache ana nafasi kubwa zaidi ya kuzeeka. Nilichosema ni kwamba glopu ya zamani ilikuwa na joto, ikijikausha yenyewe kila usiku. LED haina joto la namna hiyo. Kama kitundu kilihitajika zamani, sasa kinahitajika zaidi. Nakubali kwamba ipo taa iliyogandishwa yote kiwandani, ambayo mtu hapaswi kuigusa kwa drili. Zile hazikuwa za namna hiyo. Zilifunguka kwa skurubu nne, na waya wake uliingilia juu. Masika mbili zilipita, tukazishusha. Niliinamisha ya kwanza, maji yakanimwagikia viatuni. Barua ile ninayo bado.

Na huo waya! Vijana, nawaombeni. Waya ukishuka moja kwa moja kuingia kwenye taa, mmeyatengenezea maji mfereji. Uacheni ushuke chini ya tundu lake, upinde kama tumbo la kamba iliyolegea, ndipo upande uingie. Tone litafika kwenye tumbo lidondoke. Hii haiongezi hata shilingi mia. Na kabla ya kupanda, zima mtambo wa kurushia mawimbi pamoja na umeme wa taa, funga kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako mwenyewe, usimwachie mlinzi. Ukisikia radi, hata ikiwa ng'ambo ya Monduli, shuka. Na taa ya mnara ikizimika, msinijibu kwamba simu bado zinafanya kazi. Taa hiyo haiwashwi kwa ajili ya simu. Inawashwa kwa ajili ya rubani anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA usiku, mtu asiyejua jina lako, anayeamini kwamba penye giza pako wazi.

Mwezi wa tano, masika ikiwa haijaisha, nilipanda mara ya mwisho kabla ya kukabidhi mkanda wangu wa kupandia. Niliuchagua mnara wa upande wa Ngaramtoni, ambako kikombe kimoja alikitoboa mzee mwenyewe mwaka 1996 na hakuna aliyekumbuka kukiziba. Glopu zake zimebadilishwa mara nyingi, kikombe ni kile kile. Nililegeza skurubu, nikainua kioo, nikapitisha kidole ndani.

Palikuwa pakavu.