Malengo ya Majimaji

Jumapili, 16 Februari 2025

Wiki hii naingia vita vya Majimaji na Kidato cha Pili. Mwalimu mwanafunzi aliyeletwa kwangu kwa mazoezi ya kufundisha ameniachia rasimu ya andalio la somo, nami nimekaa nayo jioni nzima. Lengo lake linasema: "Hadi mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kuchambua sababu za vita vya Majimaji." Awali aliandika "kutaja", akakata, akaandika "kuchambua" juu yake. Chini, kwenye hatua za somo, mambo ni yale yale: mwalimu anaandika sababu tano ubaoni, anazieleza moja baada ya nyingine, wanafunzi wananakili, kisha wanaulizwa sababu tano.

Hapo ndipo nataka tukae pamoja kesho. Kitenzi kimepanda, kazi imebaki pale pale. Kama uchambuzi nimeshaufanya mimi ubaoni, mtoto anayeurudia anatumia kumbukumbu, hata swali likianza kwa "Chambua". Benjamin Bloom na wenzake, katika kitabu chao cha 1956, walieleza wazi kwamba hatuwezi kusema mtu anatumia maarifa mpaka tumweke mbele ya hali ambayo ni mpya kwake. Sentensi hiyo ndiyo ningependa kila chuo cha ualimu kiianzie. Badala yake wengi wanatoka chuoni na orodha ya vitenzi iliyopangwa kwa safu, wanachagua kimoja kwenye safu ya juu, wanadhani wamemaliza.

Swali la kumuuliza kesho: mtoto atakuwa na nini mikononi ambacho hajaambiwa maana yake?

Jumatatu, 17 Februari

Tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu wakati wa mapumziko. Nilimwuliza swali langu. Akafikiri, akasema, "Mwalimu, darasani kuna kitabu kimoja tu kwa kila wanafunzi wanne. Nitawapa nini?"

Swali la haki kabisa. Jibu langu: nusu ukurasa. Historia ya Majimaji ina bahati ambayo mada nyingine hazina. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu vita hivyo, wakati baadhi ya waliokuwapo bado walikuwa hai. Gilbert Gwassa na John Iliffe nao walitoa kijitabu cha kumbukumbu za wazee pamoja na nyaraka. Upande wa pili upo: gavana wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, aliandika kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909. Na kuna tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969. Tukifupisha kila chanzo kwa maneno mepesi katika aya moja, tukazipiga chapa kwenye karatasi moja, kila dawati litapata nakala yake.

Tukaandika lengo upya pale pale kwenye benchi. Robert Mager, mwaka 1962, alifundisha kwamba lengo lina sehemu tatu: mwanafunzi atafanya nini, katika hali gani, na kwa kiwango gani. Wengi tunaandika ya kwanza na kuziacha mbili. Zile mbili ndizo zinazobeba fikra. Matokeo ni haya:

"Akipewa maelezo matatu yanayotofautiana kuhusu kuanza kwa vita vya Majimaji, mwanafunzi aweze kuamua ni maelezo yapi yanaaminika zaidi kuhusu sababu ya Wamatumbi kuanza vita, atetee uamuzi wake kwa mambo mawili ya ushahidi kutoka ndani ya maelezo hayo, na aonyeshe jambo moja ambalo maelezo aliyoyachagua hayawezi kulieleza."

Ni refu, na haliingii kwenye kisanduku cha fomu. Nikamwambia aandike herufi ndogo.

Jumanne, 18 Februari

Kipindi cha leo kilikuwa cha maarifa tupu, na nilikipanga hivyo makusudi. Lengo: kueleza kwa mpangilio wa wakati matukio ya 1905 hadi 1907. Mashamba ya pamba ya kijiji yaliyolazimishwa kuanzia 1902, maakida na askari wakisimamia. Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe na dawa yake ya maji. Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi wanang'oa pamba. Agosti, Kinjikitile ananyongwa Mohoro, na vita vinazidi kuenea bila yeye. Tarehe 30 Agosti, maelfu wanalishambulia boma la Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Septemba, Wangoni wanaingia. Kisha mashamba na maghala kuchomwa, na njaa.

Mwalimu mwenzangu aliniuliza kwa nini natumia kipindi kizima kwa "ngazi ya chini". Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa, maana linaleta madhara. Ile piramidi tunayoichora kwenye mabango kitita, kumbukumbu chini na tathmini kileleni, haimo katika kitabu cha 1956. Mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl walipokirekebisha waliweka vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kuunda. Lakini waliongeza pia safu ya pili ambayo karibu hatuitaji kabisa: aina za maarifa yenyewe. Kufikiri lazima kuwe juu ya kitu. Mtoto asiyejua kwamba Kinjikitile alikufa Agosti hawezi kushangaa kwamba vita viliendelea na kuenea baada ya kifo chake. Ule mshangao unatoka kwenye tarehe.

Kwa hiyo maarifa nayapa kipindi chake na heshima yake. Ninachopinga ni kukomea hapo mwaka mzima.

Alhamisi, 20 Februari

Vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Darasa lina zaidi ya wanafunzi sitini, madawati yamebanana, vikundi vikageuka kuwa dawati kwa dawati. Nakala zikatosha.

Dakika za kwanza kimya kibaya. Wanasubiri nitaje jibu. Mmoja alinyoosha mkono: "Mwalimu, jibu sahihi ni lipi?" Nikasema nitauliza tu, "Umelitoa wapi?" Nikajizuia kwa nguvu zangu zote nisijaze kimya kile. Hatua hiyo haiandikwi kwenye andalio, na nadhani ingepaswa kuandikwa: mwalimu anyamaze.

Kisha mambo yakaanza kuchangamka. Maelezo ya upande wa serikali ya Kijerumani yanaegemea uchawi na njama za waganga. Msichana wa dirishani akasema, "Gavana lazima aseme uchawi. Akisema pamba, wakubwa wake watamwuliza pamba ililetwa na nani." Hajafundishwa popote kitu kinachoitwa upendeleo wa chanzo, ila amekikamata mwenyewe kwa kufikiria gavana alikuwa na kitu gani cha kupoteza.

Wavulana watatu walichagua tamthiliya. Sababu: "inaeleza vizuri". Niliwauliza mwandishi aliandika lini. Wakatazama tena karatasi, 1969, wakahesabu miaka. Mmoja akasema basi inatueleza Watanzania wa baada ya Uhuru walivyoviona vita vile. Nikamwomba arudie kwa sauti darasa zima lisikie.

Ebrahim Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa tamthiliya ni wa ubunifu wake, na jina akaliandika tofauti na la yule wa Ngarambe. Niliwaambia hilo mwishoni, walipokuwa wameshafika karibu.

Mwisho kila mmoja akaandika uamuzi wake kwenye robo karatasi. Ziko hapa mezani.

Ijumaa, 21 Februari

Nimesahihisha. Alama tatu tu: uamuzi, ushahidi, mpaka wa chanzo.

Uamuzi wengi wanao. Ushahidi ndipo wanapokwama. "Namwamini mzee kwa sababu ni Mwafrika mwenzetu." "Simwamini gavana kwa sababu alikuwa mkoloni." Ni maneno yenye hisia ya kweli, na katika mji huu wa Songea siwezi kuyadharau. Lakini bado si ushahidi. Mzee anaweza kukumbuka vibaya, na mkoloni anaweza kuandika takwimu sahihi. Kama ningeishia kwenye "aweze kutathmini vyanzo", majibu haya yangepita, na ningeandika kwenye tafakari kwamba somo limeeleweka. Maneno "kutoka ndani ya maelezo" ndiyo yaliyoyazuia. Maneno manne tu, na yalinionyesha cha kufundisha wiki ijayo.

Sehemu ya tatu, ya kile ambacho chanzo hakiwezi kueleza, iliwafungua hata wasioshiriki kwa kawaida. Mmoja aliandika kwamba mzee wa Umatumbi anajua kwa nini kwao walianza, lakini hawezi kutuambia kwa nini Wahehe wengi hawakujiunga. Hilo ni swali la historia hasa. Nitalisoma darasani bila kutaja jina.

Jumatatu, 24 Februari

Mwalimu wa taaluma amekuja na hofu yake, na ni hofu ya mtu anayewapenda watoto. "Mwalimu, Novemba kuna upimaji wa taifa. Wataulizwa sababu, watataka hoja zao ziwe tayari." Sikubishana. Nilimwonyesha robo karatasi. Karibu wote wametaja pamba, kazi za lazima, kodi na maakida, bila mimi kuwapa orodha, kwa kuwa walizihitaji kutetea jambo. Akazisoma nyingi akiwa amesimama. Akaomba aziazime.

Bado ana hoja moja nisiyoweza kuikwepa: muda. Haiwezekani kila mada iendeshwe hivi. Mimi nachagua mada moja kwa kila umahiri mahususi, ile yenye vyanzo vinavyogongana, naipa vipindi viwili. Nyingine zinakwenda kwa mwendo wa kawaida. Mwalimu Nyerere aliomba katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, kijana mwenye akili ya kudadisi. Mtaala wa umahiri wa 2005 uliomba vivyo hivyo, na huu ulioanza 2024 unaomba tena. Kwangu ombi hilo linatimia au linakufa kwenye mstari mmoja wa andalio la somo.

Ijumaa, 28 Februari

Jana ilikuwa kumbukizi ya mashujaa walionyongwa hapa Songea 27 Februari 1906. Wanafunzi wetu walikwenda. Nimerudi na wazo la kipindi.

Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa katika vita vyote kuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kubwa namna hiyo haitokani na kukosea hesabu. Inatokana na nani alihesabiwa, hasa waliokufa kwa njaa baada ya bunduki kunyamaza.

Mwalimu mwanafunzi ameandika lengo mwenyewe, sikumsaidia: "Akipewa makadirio mawili ya vifo na maelezo ya njaa iliyofuata vita, mwanafunzi aweze kupendekeza sababu mbili za tofauti hiyo na kuunda swali moja ambalo mtafiti angepaswa kuliuliza ili kukaribia idadi ya kweli."

Ni lengo zuri. Nimemwuliza jambo moja tu: swali zuri tutalitambuaje tukiliona kwenye robo karatasi? Ameomba apewe mpaka Jumanne.

Jumanne, 4 Machi

Amekuja na vigezo viwili: swali litaje aina ya chanzo ambacho kinaweza kulijibu, na jibu lake liweze kubadilisha mojawapo ya makadirio. Nimeongeza cha tatu, kwamba lisiwe limejibiwa tayari kwenye karatasi waliyopewa. Anafundisha Alhamisi, mimi nitakaa nyuma. Nakala zimeshapigwa chapa, ziko kwenye kabati la ofisi, rafu ya juu.