Programu Ikianguka Usiku

Wenzangu, sisi wa uhandisi tunalala, kompyuta zinakesha. Ninayo programu ya chinichini inayosoma vipimo vya joto kila dakika, na nusu ya tasnifu yangu imo humo. Kwenye Linux msimamizi wake ni systemd, iliyotoka mwaka 2010. Usipoiagiza, programu ikianguka haiiinui. Wengi huandika Restart=always, iinuliwe hata ikijifunga yenyewe kwa amani. Mimi hapana, nimeweka on-failure: iinuliwe ikianguka vibaya tu.

Halafu kuna subira. Kwa kawaida ni milisekunde 100, na ruhusa ni kuanzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10. Ya 6 hakuna. Waya ukichomoka, hizo 5 zinaisha hujapiga hata chafya! Basi nimeipa subira ya sekunde 30. Lakini hapo ndipo penye mtego: kwa subira hiyo mara 5 hazitimii kamwe ndani ya sekunde 10, kwa hiyo itaanguka na kuinuka mwezi mzima, namba hamna, na wewe unaona inahangaika ukadhani inafanya kazi. Nikapanua kipindi kiwe dakika 10. Ikishindwa kabisa, OnFailure inaamsha programu nyingine inayonitumia barua pepe, na nakala kwa jamaa yangu anayekaa karibu na maabara, maana mimi usingizi wangu mzito.