Nyumba ya Kukhu Makumbushoni Kitale

Ukitoka Bungoma kwenda Kitale unapita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na karibu njia nzima ni mahindi. Yalikuwepo pia katika miaka ya 1980, nilipopita huko na wenzangu wa darasa la sita tukiwa tumebanana nyuma ya lori la kukodi. Lakini kando ya mito ulikuwa bado unaona mikuyu na mikomari imefungamana, na katika maboma mengi paa za nyasi zilizidi za mabati.

Tulikuwa tunakwenda kuona nyoka. Kwetu sisi makumbusho yalikuwa nyoka, mamba na kobe. Mengine yote yalikuwa ya mwalimu. Ni yeye aliyetusimamisha mbele ya vipepeo waliochomwa pini akatueleza habari za Luteni Kanali Hugh Stoneham, Mzungu aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu tangu utotoni, akaanzisha makumbusho yake mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia serikali mkusanyo wake pamoja na fedha za kujengea jumba jipya, nalo likafunguliwa Desemba 1974.

Kisha tukatolewa nje kuonyeshwa nyumba za kienyeji. Tulipofika kwenye ya Kibukusu tukatazamana. Imewekwa hapa ya nini? Kukhu, mama mzaa baba, alikuwa akiishi katika nyumba kama ile, na asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka humo nikiwa nimekunywa uji. Niliijua harufu yake ya moshi na maziwa. Nilijua jinsi kukhu alivyosiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, amepiga magoti, kiganja kikichora nusu duara baada ya nusu duara, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni ili asikanyage kazi yake. Nilijua pia habari ya kijiti kinachochomoza kwenye kilele cha paa, kwa kuwa nilikuwepo wazee walipokiondoa babu alipofariki. Mpita njia akitazama paa tu alijua kwamba mwenye nyumba hayupo tena.

Juzijuzi nimerudi makumbushoni na binti yangu. Alizunguka nyumba ile, akainama mlangoni, akauliza, "Baba, kweli watu walikuwa wanalala humu?" Nikamwambia mimi nililala humu. Akaniangalia kama mtu anayetaniwa.

Simlaumu. Kijijini kwetu sijui kama imebaki hata moja. Nyasi za kuezekea zilikuwa zikiota malishoni. Malisho yakagawiwa wana, nao wakalima mahindi na miwa. Nyasi zikawa za kununua mbali, kisha zikakosekana kabisa. Sitaki turudi huko. Kukhu mwenyewe alishangilia siku alipojengewa ya mabati, maana paa la zamani lilimvujia kila masika. Kinachoniuma ni kwamba ujuzi ulikwenda pamoja na nyasi, wala hakuna aliyeuaga.

Msitu mdogo ulio nyuma ya makumbusho nao ni hivyo hivyo. Zamani tuliupita bila kuutazama, kwa sababu ulifanana na kingo za mito ya nyumbani. Safari hii ndipo tulipokaa zaidi, shingo juu, tukitafuta mbega, na binti yangu hakuwa na haraka ya nyoka. Kingo zile za nyumbani leo ni mikaratusi na mihindi iliyopandwa hadi majini. Si kwamba hakuna wanaohimiza kupanda miti: mwaka 1983 shirika la Vi la Uswidi lilianza kuhimiza upandaji wa miti Pokot Magharibi, na hapo Kitale kuna kituo cha miti na kilimo chenye jina la Olof Palme, waziri mkuu wa Uswidi aliyeuawa mwaka 1986. Ni kazi njema, ila mti wa kupandwa leo hautakuwa mkuyu wa babu kwa muda mrefu sana.

Nyumba ya udongo na nyasi haihifadhiki sandukuni kama kipepeo. Mchwa huila, mvua huila, na kila baada ya miaka michache sharti iezekwe upya na mtu anayejua. Kwa hiyo ndugu zangu wa Bungoma, kama kwenu bado yupo mzee anayejua kuezeka, mtafutieni kijana wa kumsaidia paa moja tangu linapoanza hadi linapoisha, na mumrekodi akieleza kila hatua. Fanyeni hivyo mwaka huu, mzee angali na nguvu za kupanda ngazi.