Ndege katika Mto Dungu

Nilipokuwa kijana, kabla sijawa furere, nilijenga daraja la miti juu ya kijito cha kwetu. Mvua ya kwanza ikaliangusha. Nikakata miti mingine, minene zaidi, nikajenga tena. Likaanguka tena. Nikaona haya mbele ya watu, nikatupa shoka.

Mzee mmoja, fundi wa mbao, akaniita. «Keti, mwanangu,» akasema, «nikusimulie habari ya ndege.»

Katika miaka ya 1930, viwanja vya ndege vilikuwa vichache katika Afrika. Kwa hiyo Waingereza walitumia ndege za maji. Tumbo la ndege hizo lilikuwa kama mashua, nazo zilitua juu ya maziwa na mito mikubwa. Moja iliitwa Corsair, ya kampuni ya Imperial Airways. Ilikuwa na injini nne, na mabawa yake yalipata meta 35 toka ncha hata ncha.

Tarehe 14 Machi 1939, Corsair ilitoka Ziwa Viktoria kwenda Juba, kwenye Mto Nile. Chombo cha kuonyesha njia kikadanganya, marubani wakapotea. Mafuta yalipokaribia kwisha, wakaona mto mwembamba chini yao. Ulikuwa Mto Dungu, karibu na Faradje, kaskazini-mashariki ya Kongo yetu. Wakatua. Ndege ikagonga mwamba, tumbo likapasuka, maji yakaingia. Lakini watu wote walipona.

Mafundi wakaja toka Uingereza. Wakaziba tumbo, wakatengeneza injini. Mwezi wa Julai, siku ya kuruka ikafika. Ndege ikakimbia juu ya maji, ikagonga jiwe, ikapasuka tena!

Kosa lilikuwa wapi? Ndege ilikwisha kupona. Mto ndio uliokuwa mbaya: mwembamba, maji machache, mawe mengi. Basi mara ya pili hawakutengeneza ndege tu, walitengeneza na mto. Wenyeji wa nchi ile walifanya kazi nyingi, hata ukajengwa ukuta wa kuzuia maji. Maji yakapanda, yakafunika mawe. Tarehe 6 Januari 1940, rubani Kelly-Rogers akairusha. Corsair ikafanya kazi tena miaka mingine, ikavunjwa mwaka 1947.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Jina la rubani hutajwa. Wale waliojenga ukuta huitwa ‹wafanyakazi› tu. Lakini bila mikono yao, ndege ingaliozea pale.»

Kesho yake nikaokota shoka langu, nikarudi kijitoni. Safari hii sikutazama miti kwanza, nilitazama ukingo. Udongo wake ulikuwa laini, na kila mvua ilikuwa ikiula. Miti yangu ilikuwa mizuri, lakini ilisimama juu ya tope. Siku tatu nilibeba mawe, nikayapanga pande zote mbili. Halafu tu nikalaza miti.

Mvua ikaja. Daraja likasimama. Mzee akapita juu yake akienda shambani. Hakunisifu, aligonga mbao kwa fimbo yake mara mbili, akaenda zake.

Nawe mtoto, hesabu yako ikikosa mara mbili, au kiti ulichotengeneza kikivunjika mara mbili, usiongeze nguvu tu. Usitupe shoka pia. Inama, utazame chini: ni ndege iliyo mbovu, ama ni mto?