Shasha: mkimbizi wa vita amlilia Ndaye Mulamba

Redio zilipotangaza kwamba Pierre Ndaye Mulamba amefariki Afrika Kusini tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70, vijana wengi wa Shasha waliuliza: huyo ni nani? Baba mmoja anayeuzisha sambaza kwenye barabara ya Sake kwenda Minova hakuuliza. Alifunika beseni lake, akarudi nyumbani kabla ya saa sita, na kwa siku mbili hakuuza kitu.

Majirani walidhani amefiwa na ndugu aliyebaki milimani. Baba huyo si mzaliwa wa Shasha. Vita vilimtoa kijijini kwake, juu kule Masisi, akapokelewa hapa na familia moja, yeye, mke wake na wajukuu. Mama mmoja jirani alileta unga, kama desturi ya kilio inavyotaka. Alipoambiwa kwamba anayeliliwa ni mchezaji wa mpira, alishangaa.

"Papa, mlijuana na mtu huyo?"

"Hapana, mama. Yeye hakunijua. Mimi ndiye nilimjua."

Alimjua mwaka 1974, akiwa mtoto wa miaka 10. Redio katika kijiji ilikuwa moja, ya mwalimu. Wanaume walikaa karibu nayo, watoto walisikilizia nje chini ya dirisha. Mtangazaji alisema Kifaransa, na watoto walishika jina moja tu lililorudi kila mara: Ndaye.

Kombe la Afrika lilichezwa Misri mwaka huo. Katika nusu fainali, Misri ilitangulia kwa magoli 2, mbele ya watu wake, lakini Zaire ikashinda 3-2. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2-0. Magoli yote 4 ya Zaire katika mechi hizo mbili za mwisho yalifungwa na Ndaye. Katika kombe lile alifunga 9, na mpaka leo hakuna mchezaji aliyefikisha hesabu hiyo katika Kombe la Afrika moja.

Kesho yake watoto wa kijiji walifunga mpira wa majani ya migomba, wakaanza kugombana. Kila mmoja alitaka yeye ndiye aitwe Ndaye.

Kombe la Dunia la Ujerumani Magharibi, miezi michache baadaye, baba huyo hapendi kulizungumzia. Yugoslavia ilifunga Zaire 9-0, na Ndaye alitolewa kwa kadi nyekundu kwa kosa lililofanywa na mwenzake.

Lakini kinachomuumiza zaidi kilitokea nje ya uwanja. Mwaka 1994 Ndaye alialikwa Tunisia, kwenye Kombe la Afrika, akapewa heshima. Aliporudi, watu wenye silaha walimvamia nyumbani, wakidhani ana pesa. Walimpiga risasi mguuni. Mtoto wake aliuawa. Mfungaji wa magoli 9 alikimbilia Afrika Kusini, akawa mkimbizi.

Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa ajili yake. Ilisemwa kwamba amekufa katika mgodi, Angola. Kongo ilichukua nafasi ya tatu mwaka huo, na baba wa Shasha, wakati huo angali kwao Masisi, alilia kwa mara ya kwanza. Baadaye ikajulikana kwamba Ndaye yuko hai, Cape Town, akilinda magari ya watu ili apate chakula.

"Nilifurahi, kisha nikaona haya," anasema. "Tulikuwa tumeshamzika, na hakuna aliyekwenda kumtafuta. Mtu akikimbia, waliobaki wanaanza haraka kumhesabu kati ya wafu. Sasa mimi pia nimekimbia. Sijui kwetu wananihesabu wapi."

Mjukuu wake mmoja aliuliza kama wale watoto waliogombania jina la Ndaye bado wapo. Baba alianza kuwataja. Wawili wamekufa, makaburi yao anayajua. Mmoja yuko Goma. Wa nne, aliyekuwa na mguu wa kushoto mzuri kuliko wote, walipotezana njiani wakati wa kukimbia. Watu walisema amefia upande wa Walikale, na baba aliamini, akamfanyia maombi.

Wiki hii ameacha kuamini. Amewapa motari wanaopanda Masisi jina la rafiki yake na jina la kijiji, na siku ya soko anawauliza wanaoshuka kutoka Walikale kama wamemwona. Jibu bado halijapatikana. "Kama amekufa, mtu anionyeshe kaburi," anasema. "Bila kaburi, mimi nitaendelea kuuliza."