Picha na Jina Lake

Katika vyuo vyetu, mwanafunzi akionekana na kamera shingoni hudhaniwa papo hapo kuwa ni mmoja wa wale vijana wanaoingoja siku ya mahafali ili wawapige picha wahitimu na jamaa zao, wajipatie riziki kidogo. Kazi hiyo ni halali na ina heshima yake, maana karo haijilipi. Hata hivyo, upo upigaji picha mwingine usio na mteja wala malipo, ambao mtu huufanya kwa sababu tu macho yake hayatulii. Huo ndio ninaokusudia kuuzungumzia hapa, na iwapo msomaji atajiuliza kamera inatafuta nini katika jarida la wapenzi wa Kiswahili, namwomba asubiri kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Nyandarua, nchi ya ukungu na baridi, viazi na kondoo. Kamera yangu, iliyokwisha kutumiwa na wenyewe wawili kabla yangu, niliijaribu kwanza kandokando ya Ziwa Ol Bolossat, ambako korongo wenye taji hushuka alfajiri kama wageni waalikwa wasiotaka kuonekana kuwa na haraka. Maji ya ziwa hilo huingia katika mto Ewaso Narok, nao mto hujitupa kwenye maporomoko ya Thomson huko Nyahururu, takriban mita 74 kwenda chini. Kila apitaye Nyahururu huyapiga picha maporomoko hayo, nami sikuwa tofauti. Wapo wapiga picha wanaoiacha lenzi wazi muda mrefu hadi maji yageuke kuwa kama pamba iliyochambuliwa. Mtindo huo haunivutii. Maji yale yana kishindo, na picha inayoyafanya yaonekane yamelala imeyasingizia.

Mandhari ya kwetu hayakunisumbua kwa jambo lolote. Ukungu naujua kwa jina, kilima nakijua kwa jina, na lugha ya mama imejaa maneno ya kila aina ya matope. Usumbufu ulianza nilipoteremka Pwani kwa utafiti wa shahada ya uzamili, nikakaa mwaka mzima baina ya Kilifi na Mombasa, na kila Jumamosi nikawa natoka na kamera kwenda kuyatazama magofu.

Gede ndiyo iliyoniteka zaidi. Mji huo wa mawe, usio mbali na Watamu, ulistawi sana katika karne ya 15 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Msitu ukaumeza. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka wa 1948, na mwaka wa 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mpiga picha aingiaye Gede hukutana na tatizo asilolipata kwenye magofu yaliyo wazi. Miti mikubwa huyachuja majua, hivyo ukuta mmoja huwa na madoa meupe yanayochoma macho na madoa meusi yasiyoonyesha chochote. Jua la saa sita halifai kabisa. Siku nzuri ni ile ya mawingu baada ya mvua, ambapo mwanga hutandaa sawasawa na mawe ya matumbawe yaliyolowa huonyesha sura yake: vijitundu, mistari na mabaki ya viumbe wa baharini waliokuwa hai kabla mtu hajafikiria kujenga nyumba. Siku kama hizo hata kima wa pale, ambao wamezoea mno kuwapokonya wageni ndizi, hujikunyata matawini na kumwacha mtu afanye kazi yake.

Nilipiga picha nyingi. Niliupiga mlango wa msikiti mkuu, visima, na lile kaburi lenye tarehe, ambalo mwaka wake wa Hijria, 802, unalingana na 1399. Niliyapiga matundu madogo yaliyojipanga ukutani, ambayo inasemekana yalichomekwa vigingi vya kutundikia mazulia na mapambo. Nilikipiga pia chumba kimoja kisicho na mlango. Katika picha, tundu lililoko juu ya ukuta wake huonekana kama dirisha dogo la kupitishia hewa, kumbe ndipo mahali pekee pa kuingilia, nacho chumba kilikuwa cha kuwekea mali. Picha peke yake haiwezi kumwambia mtu hayo.

Kisha ukaja mtihani wa kuandika maelezo chini ya picha. Nyumba za Gede hazijulikani kwa majina ya wenyewe, kwa kuwa majina hayo yamepotea. Zinajulikana kwa vitu vilivyookotwa ndani yake wakati wa uchimbuzi: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Hapo mwanafunzi wa lugha atatabasamu, kwa sababu kauri ni yule konokono wa baharini aliyekuwa akitumiwa kama sarafu, na kwa wasemaji wengi neno hilo hilo ndilo linalotaja vyombo ving'aavyo vya Kichina. Wataliano nao walikiita chombo hicho kwa jina la konokono yule yule, na kutoka kwao neno likasambaa Ulaya. Watu wa pande mbili za dunia walitazama mng'ao mmoja wakafikiria kitu kimoja. Nilifurahi kwa ugunduzi huo mdogo, lakini haukunisaidia kuziita sehemu za nyumba zenyewe. Niliandika "ukumbi", "chumba cha ndani", "ua". Maneno hayo ni sahihi, ila yangeweza kuwekwa chini ya picha ya nyumba yoyote, hata ile ya mabati niliyozaliwa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, fundi wa chokaa, mzaliwa wa Lamu, niliyemkuta Mji wa Kale wa Mombasa akibandua plasta ya saruji kwenye ukuta wa matumbawe. Alikuwa akinung'unika. Nilimwamkia, naye baada ya kuitikia marahaba akanieleza kisa cha manung'uniko yake: saruji huuziba ukuta wa zamani usipumue, unyevu ukabaki ndani, chumvi ikafura na kuyala mawe polepole, ilhali mwenye nyumba anajisifu kwamba ameiimarisha. Nilipomwonyesha picha za Gede katika kioo cha kamera, alivaa miwani, akanyamaza kwa muda, kisha akaanza kuzitaja moja moja kama mtu anayeitwa kutambua jamaa zake.

"Hapa ni daka," alisema, akigusa kibaraza cha mlangoni kilichoingia ndani ya ukuta. "Mgeni huketi hapa, hajaingia wala hajabaki nje. Hapa kiwanda. Huu msana. Nyuma yake msana mwingine, halafu ndani. Na hizi, mwanangu, zingekuwa zidaka kama nyumba ingekuwa ya kwetu."

Msomaji wa lahaja atatambua kuwa mzee hakusema "vidaka". Kiamu kina zi- pale ambapo Kiswahili sanifu kina vi-, na mtu anayetaka kuziita zile safu za vishubaka vya chokaa vilivyopambwa, ambavyo huipamba ndani ya nyumba ya Kiamu kuanzia chini hadi karibu na boriti, ni afadhali azichukue na wingi wake. Sidai kwamba watu wa Gede walitumia maneno hayo hayo. Nyumba za Lamu anazozijua mzee nyingi ni za karne ya 18, na baina yake na Gede pana muda mrefu usio na shahidi. Lakini mpangilio wa kutoka hadharani kuelekea sirini, hatua kwa hatua, unafanana, na kati ya "msana" wa fundi na "chumba kirefu" changu, najua ni lipi lililotoka katika kinywa cha mtu aliyewahi kulijenga jambo lenyewe.

Niliyabadilisha maelezo yangu yote. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha kidogo. Tulipozibandika picha hizo ukumbini, mbele ya ofisi za idara, mwenzangu mmoja kutoka bara alisimama mbele ya ile iliyoandikwa "Kiwanda, Gede" akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kilikuwa kikitengeneza bidhaa gani. Hatukuwa na ugomvi. Katika Kiswahili tulichofundishwa darasani kiwanda kina moshi na mashine, na maana ile nyingine, ya uwanja wa ndani ulio wazi juu, haikutufikia. Baadhi ya wenzetu walipendekeza niandike "ua" ili nieleweke. Nilikataa, na bado nakataa. Ikiwa neno litaondolewa kila lisipoeleweka, litaeleweka lini?

Isidhaniwe kwamba nilikuwa nikiyaandama mawe tu. Magofu yana hatari ya kumfanya mpiga picha ayachukie maisha, akawa anangoja watu wapite ndipo abonyeze kitufe. Karibu na Mnarani, ng'ambo ya mlangobahari wa Kilifi, palikuwa na mama aliyekuwa akikaanga viazi karai jioni, akiviweka katika kipande cha gazeti na kumimina ukwaju juu yake. Nilimwomba ruhusa. Huko Pwani, kama ilivyo popote penye watu wenye staha, picha huombwa, na anayekatazwa huishukuru kauli akaenda zake. Wapo akina mama wengi walionikatalia na sikuona sababu ya kuwasumbua. Huyu alikubali kwa sharti kwamba nimletee nakala. Wiki ya pili nikamletea picha niliyoipenda mno: uso wake umejaa mwanga wa moto, nyuma yake giza. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mwanangu, karai langu li wapi?"

Nilimweleza kwamba nilitaka uso uonekane vizuri.

"Uso wangu kila mtu nyumbani anaujua. Hili karai limesomesha watoto watatu."

Nikaipiga nyingine, yeye na karai na upawa na kiti chake kifupi, na hiyo ndiyo aliyoipeleka nyumbani. Kwa vipimo vya vitabu vya upigaji picha ni picha iliyojaa vitu kupita kiasi. Mama huyo hakuwa amevisoma vitabu hivyo, na kwa maoni yangu alikuwa mhariri mzuri kuliko wengi.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike. Katika Mji wa Kale kuna familia moja iliyonikaribisha nyumbani kwao, nyumba ya zamani ya matumbawe yenye roshani ya mbao upande wa barabara. Ndani, ukuta mmoja ulikuwa na zidaka za chokaa zilizoletwa, kwa kauli yao, na mtindo wa babu aliyetoka Lamu. Nilizipiga asubuhi kutoka mbele, ukuta umenyooka, kila kitu kimepimwa. Kisha jioni, jua lilipokuwa likiingia kwa upande kupitia mlango, nikapiga moja tu ya haraka kutoka pembeni. Hiyo sikuitia maanani: nusu yake ilikuwa kivuli.

Miezi kadhaa baadaye bibi wa nyumba ile alilazwa hospitalini. Akiwa huko, baadhi ya jamaa waliamua kukigawa chumba ili wapangishe upande mmoja, na mlango mpya ukatobolewa katikati ya zidaka. Bibi aliporudi, kwa jinsi nilivyosimuliwa, hakugombana na mtu. Aliketi akiutazama mlango, akasema uzibwe. Mjukuu wake akanipigia simu kuniuliza kama bado nina zile picha, nami nikampeleka yule yule fundi wangu.

Nilizichapisha kubwa, nikatanguliza ile ya asubuhi. Mzee aliisifu, kisha akaiweka kando. Picha iliyopigwa kutoka mbele, alinieleza, humwonyesha fundi upana na urefu tu, na zidaka si mchoro. Kila shimo lina kina chake. Alipoiona ile ya jioni, aliishika kwa mikono miwili. Kivuli ndicho alichokuwa akikitafuta. Alikwenda na mjukuu kwenye zidaka chache zilizosalia pembeni, akapima kina chake kwa shibiri, akapima urefu wa kivuli chake pichani, na kwa ulinganisho huo akaanza kuyakisia yale yaliyovunjwa, moja baada ya jingine, akiandika kwa kalamu ya risasi juu ya picha yenyewe. Kando ya kila kipimo aliandika jina. Mengine sikuwa nimeyasikia kwake hapo awali, kwa sababu hayakuwa majina ya vyumba bali ya ncha, pinde na kingo. Niliyanakili yote daftarini, na nilipomwuliza ni nani mwingine anayeyajua, alihesabu vidole vya mkono mmoja na havikuisha.

Mlango umezibwa kwa mawe. Mara ya mwisho nilipokwenda, safu mbili za chini zilikuwa zimekamilika, nyeupe kuliko jirani zake za zamani, na bibi alikuwa ameagiza kiti chake kiwekwe mahali anapoweza kuzitazama. Safu ya juu ilikuwa ikingoja. Chokaa yake ilikuwa bado imelowekwa pipani uani, haijaiva, na fundi hakutaka kuharakishwa na mtu.