Swali Tunalomuuliza Mtoto

Siku hizi mtoto akifika Dzaleka peke yake, swali la kwanza analoulizwa ni hili: watu wako ni akina nani? Nilipoanza kujitolea katika ulinzi wa watoto hapa kambini, swali lilikuwa jingine, na wala hakuulizwa yeye. Tuliulizana sisi wakubwa: tumpeleke wapi?

Kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa nchini Malawi, mwendo usiofika kilomita 50 kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000 hivi. Leo tumepita 50,000. Watoto wengi wanaofika bila wazazi wametoka Kongo na Burundi, wakavuka Tanzania na kuingilia Karonga, huku wameshika mkono wa jirani au wa mtu waliyekutana naye njiani. Walipofika, hakukosekana mama wa kuwapokea. Mama akisikia mtoto analia kwa Kibembe au Kifuliiru, anamwita ndani. Shida ilianza siku ya mgao. Mtoto hakuwa kwenye kadi ya mama yule, kwa hiyo alikula unga wa wenzake. Baada ya miezi michache nyumba inaelemewa, na hapo ndipo mtu anasema: Lilongwe kuna kituo cha kulelea watoto, kuna vitanda, kuna sare, kuna wafadhili.

Nawakumbuka ndugu wawili, kaka na mdogo wake wa kike, waliofika na shangazi yao mgonjwa. Kituo kimoja kilimchukua msichana tu. Kaka mtu aliambiwa amevuka umri. Shangazi alipopona akataka kwenda kumwona, lakini ili atoke kambini alihitaji kibali, na ili apokelewe kule alihitaji barua. Alipofika hatimaye, nikiwa naye, alikuwa amebeba usipa, yaani dagaa, wa kukaanga aliofunga kwenye karatasi. Tukaambiwa chakula cha nje hakiruhusiwi. Mtoto alitusalimia kwa Kichewa, kwa adabu, kama anavyosalimia wageni wote. Shangazi akamwuliza kwa Kibembe kama anakula vizuri. Mtoto akamtazama mlezi wa kituo, akisubiri atafsiriwe.

Hakuna aliyemtesa msichana yule. Alilala pazuri na kusoma pazuri. Lakini shangazi alikuwa hai, na alichokosa kilikuwa ni unga na dawa.

Nchi nzima ya Malawi ilikuwa ikilikabili jambo hilo hilo. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi, na vituo vikaota kila kona. Mwaka 2006 mwimbaji Madonna alimchukua mtoto David Banda kutoka kituo cha Mchinji, magharibi ya Lilongwe, na dunia nzima ikajua kuwa baba wa mtoto yule yu hai. Aprili 2009 Jaji Esme Chombo alikataa ombi la Madonna la kumwasili mtoto wa pili, kwa kuwa sheria ilimtaka mwombaji awe mkazi wa Malawi; Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Rufaa ikaruhusu. Hayo yaliandikwa katika kila gazeti. Lakini mwaka ule ule wa 2006, katika wilaya ile ile ya Mchinji, serikali ilianza kujaribu kuzipa kaya maskini kabisa fedha taslimu mara kwa mara, mpango ambao Wamalawi wanauita Mtukula Pakhomo. Bibi anayelea wajukuu alipewa fedha mkononi, akawalea nyumbani kwake. Jambo hili halikupigiwa picha sana, nami naamini lilikuwa kubwa kuliko lile lingine.

Baadaye maandishi yakafuata. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wa malezi mbadala mwishoni mwa 2009, ukisema wazi kuwa umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Malawi ikatunga sheria yake ya malezi, ulinzi na haki za mtoto mwaka 2010. Kambini mabadiliko hayakuja na sherehe. Yalikuja na fomu. Mama anayempokea mtoto akaanza kutembelewa, kuhojiwa, kuandikwa. Jina la mtoto likaingia mahali linapohesabika. Ndugu wakawekwa nyumba moja. Watu wa Msalaba Mwekundu wakawa wanachukua majina na picha kutafuta jamaa waliobaki nyuma.

Kazi hiyo ya kutafuta ndiyo niliyoipenda zaidi. Mtoto wa miaka saba hajui jina la wilaya yake. Ukimkalia kwa subira anajua mengine: nani alikuwa chifu, mto gani walikatazwa kuoga, kanisa lina kengele au lina ngoma. Mvulana mmoja alishikilia kwamba kwao soko ni Alhamisi na wauza chumvi wanashuka kutoka mlimani. Kwa maneno hayo, wazee wawili wa kutoka Fizi, huko Kongo, walikitaja kijiji, na mjomba wake akapatikana kwa simu.

Desemba 2024 habari za Brussels zilitufikia kwenye simu zetu. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeipata Ubelgiji na hatia ya uhalifu dhidi ya binadamu, kwa kuwachukua wanawake watano walipokuwa wadogo kutoka kwa mama zao Waafrika, enzi za ukoloni Kongo, na kuwaweka misheni kwa sababu baba zao walikuwa wazungu. Sasa ni bibi wa miaka zaidi ya 70. Mama wengi wa kambini waliniomba niwasomee mara ya pili.

Siwezi kusema tumefika. Mei 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe walikamatwa ili warudishwe Dzaleka, na watoto wakapitishwa gereza la Maula pamoja na wazazi wao. Nchi ni ile ile iliyotunga sheria ya 2010.

Na mgao unapopunguzwa, nyumba za walezi ndizo zinazoyumba kwanza. Juzi mama mmoja wa Lisungwi, mtaa wa hapa kambini, anayelea watoto watatu wasio wake aliniambia, "Mwanangu, watoto sijawachoka. Nimechoka kuomba chumvi kwa jirani." Niliandika kwenye ripoti kile anachohitaji: godoro moja, unga, chumvi, madaftari. Nikaomba vifike kwake kabla mtu yeyote hajapiga simu Lilongwe kuuliza kama kuna kitanda.